Uliza Ujibiwe: Mawe Yatokayo Angani

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja: jiwe la angani likija, itakuwaje? Humu asteroidi ni mwamba unaozunguka Jua. Nyota yenye mkia ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Kimondo ni ule mwako unaouona usiku, na pia jiwe lenyewe likishafika chini.

Kibanda umiza chetu kimerudia ile filamu ya mwaka 1998, Armageddon. Wachimba mafuta wanapelekwa kwenye jiwe lenye ukubwa wa jimbo la Texas, wanatoboa shimo, wanaweka bomu la nyuklia, jiwe linapasuka vipande viwili na Dunia inapona. Wamepewa siku 18 tu. Tumebishana mpaka usiku wa manane. Linawezekana?
*Fundi simu, Majengo, Dodoma*

Haliwezekani, fundi, na kosa kubwa halipo kwenye bomu. Lipo kwenye hizo siku 18.

Tumalizane kwanza na ukubwa. Texas ina upana wa zaidi ya kilomita 1,000. Asteroidi kubwa kuliko zote, Ceres, ina kipenyo cha kama kilomita 940, na iligunduliwa mwaka 1801 kwa darubini za enzi zile. Kitu kikubwa kuishinda Ceres kisingejificha hadi zibaki siku 18. Kukipasua nako haiwezekani: bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la mwaka 1961, lilikuwa la megatani 50 hivi (nguvu ya tani milioni 50 za baruti ya TNT), na ili kuushinda mvutano unaoushikilia mwamba kama huo pamoja yangehitajika mabomu ya aina hiyo mamia ya mamilioni.

Sasa njoo kwenye muda. Dunia inakwenda kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde kulizunguka Jua, na kipenyo chake ni kilomita 12,742. Piga hesabu: inapita urefu wa mwili wake kwa dakika 7 tu. Maana yake ni kwamba jiwe likichelewa kufika njia panda kwa dakika 7 hivi, litakuta Dunia imeshapita. Hakuna haja ya kulivunja. Linatakiwa kucheleweshwa, au kuwahishwa.

Ukiligusa miaka 10 kabla, ukabadilisha mwendo wake kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, siku ya miadi litakuwa limehama zaidi ya kilomita 9,000. Badiliko la mwendo hubadilisha pia muda wa mzunguko, na tofauti hiyo hujilimbikiza kila duru. Ukisubiri hadi zibaki siku 18, kulihamisha kilomita 6,400, yaani nusu ya kipenyo cha Dunia, kunataka msukumo wa mita 4 kwa sekunde.

Na tunajua binadamu anaweza kusukuma kiasi gani, kwa sababu ameshajaribu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART, chenye uzito usiofika kilo 600, kiliigonga kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde asteroidi ndogo Dimorphos, yenye upana wa kama mita 150, inayozunguka asteroidi nyingine kubwa kuliko yenyewe, Didymos. Mzunguko wa Dimorphos, uliokuwa wa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Mwendo wenyewe ulibadilika kwa milimita 2.7 kwa sekunde. Linganisha na zile mita 4: ni pungufu karibu mara 1,500. Hilo ndilo filamu inaloruka.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kifusi kilichoruka nyuma kilisukuma kuliko chombo chenyewe. Msukumo wote ulifika zaidi ya mara tatu ya ule ambao chombo peke yake kingeutoa. Lakini hapo ndipo penye mashaka. Asteroidi nyingi ni malundo ya mawe na changarawe yaliyoshikana kwa ulegevu, na kila lundo hurusha kifusi chake kwa namna yake. Jiwe gumu litatoa jibu jingine. Ndiyo maana Ulaya ilirusha chombo cha Hera Oktoba 2024, kikapime uzito wa Dimorphos na alama iliyobaki.

Bomu la nyuklia halijatupwa nje ya mipango, ila halitumiki kama mlivyoona. Hulipuliwa pembeni, bila kugusa. Mionzi inaunguza tabaka la juu la jiwe, tabaka hilo linageuka mvuke na kufyatuka upande mmoja, jiwe linasukumwa upande wa pili. Hakuna anayetua wala anayetoboa.

Hadithi ninazosoma zinasema dinosaria waliuawa na jiwe siku moja, na wimbi la bahari likafunika dunia. Dinosaria wetu wa Lindi nao walikufa hivyo? Na wimbi kama lile lingefika Dodoma?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kongwa*

Wale wa Lindi hapana. Mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ni ya wanyama walioishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Jiwe lilianguka miaka milioni 66 iliyopita. Walikuwa wameshageuka mawe muda mrefu.

Jiwe lenyewe lilikuwa na upana wa kilomita 10 au zaidi kidogo, na lilipiga mahali panapoitwa leo Chicxulub, rasi ya Yucatán, Mexico. Shimo lilikuwa na upana wa kama kilomita 180, na sasa limefunikwa na miamba iliyojipanga juu yake baadaye. Ushahidi wa kwanza ulitangazwa mwaka 1980 na Luis Alvarez, mwanawe Walter, Frank Asaro na Helen Michel: katika tabaka jembamba la udongo la Gubbio, Italia, walikuta madini ya iridiamu mengi kama mara 30 ya kawaida. Iridiamu ni adimu kwenye ganda la Dunia lakini ni nyingi kwenye asteroidi. Shimo lilitambuliwa rasmi mwaka 1991.

Kilichoua zaidi ni giza. Miamba ya pale ilikuwa na jasi kwa wingi, jamaa ya ile inayochimbwa Itigi kwa ajili ya saruji. Jasi ina salfa. Ilipochomwa ikapanda juu kama ukungu, pamoja na masizi na vumbi, mwanga wa Jua ukazibwa, joto likashuka kwa nyuzi zaidi ya 10, mimea ikashindwa kujitengenezea chakula. Walaji wa majani walikufa, kisha walaji wao. Kiasi cha robo tatu ya aina zote za viumbe zilitoweka.

Kuhusu wimbi: karibu na pigo lilikuwa refu kupita kilomita moja, lakini liliporomoka kadiri lilivyosafiri. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mamia ya kilomita kutoka pwani. Wimbi lisingefika. Baridi na giza vingefika, na mtama na uwele usingetoa suke.

Kwenye magrupu ya WhatsApp inasambaa sauti kwamba jiwe litaanguka Afrika tarehe 22 Desemba 2032. Wengine wanasema ni Aprili 2029. Watoto wamesikia na usiku wanaogopa kulala. Niwaambie nini?
*Mama wa watoto watatu, Kizota*

Waambie walale, mama. Hayo ni mawe mawili tofauti, na yote mawili yamepimwa.

La 2032 linaitwa 2024 YR4, lina upana wa kama mita 60, na liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile. Uvumi huo una chembe ya ukweli: Februari 2025 uwezekano wa kugonga Dunia ulipanda hadi asilimia 3.1, na ukanda ambao lingeweza kuangukia ulipita kweli barani Afrika. Siku chache baadaye uwezekano huo uliporomoka, na sasa hatari ya kuigonga Dunia mwaka huo imefutwa.

Watu wengi walishangaa: mbona namba ilipanda kwanza? Fikiria mchungaji anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kila akifuta upande mmoja, eneo la kutafuta linapungua, na kisima kilichobaki ndani ya eneo hilo kinazidi kuonekana kuwa ndipo alipotumbukia. Mpaka unyayo mmoja unapoonyesha kuwa mbuzi alipita kando. Dunia ilikuwa kile kisima. Kila kipimo kipya kilipunguza eneo, na sehemu ya Dunia ndani yake ikakua, kabla haijabaki nje. Mtakutana tena na habari za namna hii, kwa sababu darubini zinazidi kuwa kali. Namba inayopanda wiki za mwanzo ni hatua ya kawaida ya upimaji.

La 2029 ni Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300. Lilipogunduliwa mwaka 2004 lilipewa kwa muda mfupi uwezekano wa asilimia 2.7 na daraja la 4 katika kipimo cha Torino, kinachopima hatari ya jiwe kutugonga, kuanzia 0 hadi 10. Hakuna jiwe jingine lililowahi kufika daraja hilo. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa hatari yake kwa angalau miaka 100. Litapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya zile setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi yenu, ambazo zipo karibu kilomita 36,000.

Na hapa tungependa wanao wawe macho kweli. Ni usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zitakazoliona kwa macho matupu. Kilele kwa saa zetu ni saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwezi utakuwa mwandamo, kwa hiyo hautaleta mwanga wa kusumbua. Litaonekana kama nyota ya wastani inayotambaa kuelekea magharibi. Usitegemee moto wala mkia. Tokeni nje ya taa za mji, zimeni simu, yapeni macho dakika 20 yazoee giza. Kikwazo ni mawingu, maana Aprili mvua huwa bado hazijaisha.

Sauti nyingine ikija, uliza mambo matatu: jiwe linaitwaje, lipo daraja gani la Torino, na hesabu ni ya tarehe ngapi. Habari isiyo na hata moja kati ya hayo usiisambaze.

Mwaka 2024 niliona nyota yenye mkia alfajiri upande wa mashariki. Wazee wetu walisema huleta njaa au vita. Na katika filamu nyingine anayegonga ni nyota yenye mkia, si mwamba. Ipi ya kuogopwa zaidi?
*Mzee wa Kondoa*

Shikamoo mzee. Uliyoiona ni Tsuchinshan–ATLAS. Mwishoni mwa Septemba ilionekana alfajiri, kisha katikati ya Oktoba ikahamia magharibi jioni. Ilipotukaribia zaidi, tarehe 12 Oktoba, ilikuwa umbali wa kama kilomita milioni 70. Hofu ya nyota hizi haikuwa ya huku peke yake: mwaka 1910 Halley ilipopita, watu wa Ulaya na Marekani walinunua vidonge vya kujikinga na sumu ya mkia wake. Mkia ni mwembamba kupita hewa yoyote tunayoijua, na hakuna aliyedhurika.

Asteroidi hutugonga mara nyingi zaidi. Lakini ikija siku nyota yenye mkia ikalenga kwetu, ni mbaya zaidi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwendo. Asteroidi hugonga kwa kama kilomita 20 kwa sekunde. Nyota yenye mkia itokayo mbali huweza kupita 50, na kasi ikizidi maradufu nguvu ya pigo huzidi mara nne. Ya pili, tunayoiona nzito zaidi, ni muda. Nyota yenye mkia Siding Spring iligunduliwa Januari 2013, na tarehe 19 Oktoba 2014 ikapita kilomita 140,000 hivi kutoka Mars, chini ya nusu ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye Mwezi. Miezi 21. Chombo kama DART huchukua miaka kubuniwa na kujengwa. Kwa hiyo waandishi wa hadithi wanaowapa watu wao mwaka mmoja au miwili kujiandaa na nyota yenye mkia hawajakosea sana. Ni wale wa asteroidi kubwa ya kushtukiza waliokosea.

Tumewahi kuona pigo la namna hiyo, ila si kwetu. Julai 1994 vipande zaidi ya 20 vya nyota yenye mkia Shoemaker–Levy 9 viliangukia sayari ya Jupita kwa siku kadhaa mfululizo, na baadhi ya madoa meusi yaliyobaki yalikuwa mapana kuliko Dunia.

Bonde la Ngorongoro lilichimbwa na kimondo? Na mawe makubwa yaliyotawanyika Dodoma na Singida yalidondoka kutoka juu?
*Kijana wa Singida mjini*

Hapana kwa yote mawili. Ngorongoro ni mlima wa volkano uliobomoka na kuzama ndani yake zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mawe yenu ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, udongo uliokuwa umeyazunguka ulimomonyoka, yakabaki yamekaa pale pale yalipozaliwa. Pigo la angani huthibitishwa kwa madini yaliyobanwa kupita kiasi, kama alivyofanya mwanajiolojia Eugene Shoemaker mwaka 1960 kwenye shimo la Arizona, Marekani, kwa kutumia madini ya koesaiti. Afrika tunayo mashimo ya kweli: Vredefort huko Afrika Kusini, na Bosumtwi huko Ghana, ambalo sasa ni ziwa lenye upana wa kilomita 8 hivi.

Ninachunga Bahi. Nimeokota jiwe jeusi, zito, linanasa sumaku. Mtu amekuja kutaka kulinunua anasema ni kimondo, na mwingine anataka tulikate kwanza tuone ndani. Nifanyeje?
*Mfugaji, Bahi*

Usikate, usipige nyundo, usilitie kwenye moto wala tindikali, na usiuze bado. Kwanza andika ulipoliokota: kijiji, alama ya karibu, na namba za GPS za simu ukiweza. Ukipata jingine, lipige picha kabla hujaligusa, ukiweka sarafu kando.

Tazama ganda. Kimondo cha mawe kilichoanguka karibuni kina ganda jeusi jembamba, mara nyingi chini ya milimita 1, na palipomeguka ndani huwa kijivu. Jiwe jeusi tii hadi ndani litie shaka. Tazama vitundu: kimondo huweza kuwa na mabonyeo kama alama za vidole gumba, lakini vitundu vya mapovu ni dalili ya mavi ya chuma au jiwe la volkano.

Sumaku peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Vimondo vingi huivuta, lakini magnetaiti, madini ya chuma ya hapa hapa Duniani, huivuta pia. Tumia sumaku dogo, lining'inize kwa uzi, lisogeze bila kugusa. Sumaku kali la spika kubwa hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyomo ndani ya jiwe, ambayo ni moja ya vitu watafiti wanavyotafuta.

Kisha chukua kigae cha sakafuni, geuza upande wa nyuma usio na rangi, sugua jiwe. Mstari mwekundu kama kutu ni hematiti, nayo ni madini ya chuma ya Duniani. Mstari mweusi ni magnetaiti. Kimondo kwa kawaida hakiachi mstari, au huacha hafifu mno.

Halafu pima uzito kwa ujazo. Utahitaji mizani ya kidijitali ya duka. Pima jiwe kavu, tuseme gramu 420. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea, tuseme 120, ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya 420 kwa 120: unapata 3.5. Vimondo vya mawe huwa kati ya 3.2 na 3.7, vya chuma huwa karibu 7.5 hadi 8. Matale ni 2.6 au 2.7, hematiti hukaribia 5.2. Jiwe likigusa chini ya bakuli mizani itasoma uzito wa jiwe, hesabu yote itaharibika. Hilo ndilo kosa la kila siku. Maji yafanyie mwisho, na kama jiwe linamomonyoka mkononi usilizamishe kabisa.

Tukuambie wazi: mawe mengi ya aina hii katika ukanda wetu huwa hematiti, magnetaiti, mavi ya chuma ya wafua vyuma wa zamani, au zile gololi za chuma za vinu vya kusagia mawe ya dhahabu, ambazo zikipata kutu hufanana sana na kimondo. Gololi hizo huwa mviringo kupita kiasi.

Likipita vipimo vyote, lifunge kwenye karatasi safi ya aluminiamu na ulipeleke Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao makuu yapo hapa hapa Dodoma. Omba karatasi yenye majibu. Mnunuzi anayekukataza kupima ana sababu zake.

Usidharau udogo wa jiwe. Kimondo cha Mbozi kina tani kama 16 za chuma na nikeli, na kila mtu anakijua. Lakini tarehe 16 Desemba 1938 liliangukia Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, jiwe laini kama mkaa, lenye uzito wa kama gramu 700 tu, na wanasayansi duniani wamelipa kundi zima la vimondo adimu herufi ya jina la Ivuna. Vumbi ambalo Wajapani walilileta Desemba 2020 kutoka asteroidi Ryugu lilikutwa kuwa la aina hiyo hiyo. Mawe ya kundi hili humomonyoka yakipata maji. Likiachwa nje masika moja, halipo tena.

Nataka kuwaonyesha wanafunzi jinsi shimo linavyochimbika. Sina maabara.
*Mwalimu wa sayansi, Mpwapwa*

Mwalimu, beseni la upana wa sentimita 40 linatosha. Jaza mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 10, usawazishe kwa rula bila kuushindilia. Juu nyunyiza majivu yaliyochekechwa, milimita 2 au 3, ili miale ya kifusi ionekane. Dondosha gololi ya kioo kutoka sentimita 50, 100 na 200, mara tano kila kimo, pima upana wa shimo ukingo hadi ukingo, chukua wastani. Kutoka 50 hadi 200 nguvu inazidi mara nne, lakini upana utazidi kama mara 1.4 tu. Waache wanafunzi wabashiri kwanza. Karibu wote watasema mara nne.

Majibu yakiyumba, tafuta haya: mchanga una unyevu, haukutifuliwa upya baada ya pigo la mwisho, gololi ilisukumwa badala ya kuachiwa, beseni lina kina kidogo gololi ikagonga chini.

Waeleze pia mpaka wa jaribio. Kutoka mita 2 gololi inafika kwa mita 6.3 kwa sekunde. Asteroidi huja kwa mita 20,000. Kwa kasi hiyo jiwe hulipuka, na shimo linakuwa pana mara nyingi kuliko jiwe: la Arizona lina mita 1,200, lililolichimba lilikuwa na mita 50 hivi. Ndiyo maana ukirusha gololi kwa mshazari unapata shimo la mviringo mrefu, ilhali mashimo ya kweli hubaki duara hata jiwe likija kimshazari, isipokuwa limekuja karibu sambamba na ardhi.

Nikiwa lindoni niliona mwanga mkali ukikata anga, na baada ya kama dakika moja na nusu nikasikia kishindo. Nilipaswa kufanya nini?
*Mlinzi wa usiku, Ipagala*

Kwanza, ukiona mwanga mkali kiasi cha kutupa vivuli, kaa mbali na madirisha. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la kama mita 20 lililipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, kilomita 30 angani, kwa nguvu ya mabomu kama 30 ya Hiroshima. Watu walikimbilia madirishani kutazama moshi. Wimbi la mshtuko lilichukua zaidi ya dakika mbili kufika, likapasua vioo, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo hivyo. Walio shuleni walale chini ya madawati, migongo ielekee dirisha, wasubiri dakika tano.

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, hivyo sekunde zako 90 ni kilomita 30 hivi. Kishindo ni habari njema kwa watafutaji: mara nyingi maana yake jiwe lilishuka chini sana, na huenda vipande vimefika ardhini. Andika saa kamili, muda wa mwanga, sekunde hadi kishindo, na mwelekeo ukilinganisha na nguzo au ukuta. Kimo kipime kwa ngumi: mkono ulionyooshwa, ngumi moja ni nyuzi 10. Kama lindo lina kamera, linganisha saa yake na ya simu yako siku hiyo hiyo, maana nyingi zimechelewa. Mtu wa Bahi na mtu wa Kongwa wakiwa na vipimo hivyo, mistari yao inakutana mahali jiwe lilipopita.

Kazi hiyo ina matunda. Oktoba 2008 jiwe la mita 4 liligunduliwa saa kama 20 kabla ya kulipuka juu ya jangwa la Sudan. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum, Muawia Shaddad, na mtafiti Peter Jenniskens waliwapanga wanafunzi mstari mmoja wakatembea jangwani, na hatimaye vikapatikana vipande kama 600. Ilikuwa mara ya kwanza duniani jiwe kugunduliwa likiwa bado nje ya hewa ya Dunia, kisha kuokotwa.

Kimondo cha kawaida hudumu sekunde chache. Mwanga unaotambaa polepole kwa nusu dakika au zaidi, ukimeguka vipande vinavyofuatana, ni mabaki ya roketi au setilaiti. Na tofauti na filamu, kimondo kidogo hakitui kikifuka moshi wala hakichomi nyasi. Kinapunguza mwendo juu sana, na kilomita za mwisho kinadondoka kama jiwe la kawaida, kikiwa vuguvugu au baridi. Kitu cha metali chenye boliti au nyuzi za kaboni, kama lile pete la kama kilo 500 lililoangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, tarehe 30 Desemba 2024, usikiguse, maana matangi ya roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu. Zuia watoto, kaa upande upepo unakotokea, piga simu polisi.